Miwani ya Zamu

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza daftari. Binti yetu ndiye aliyeniletea. "Mama, andika andika mambo yako," akasema, kwa maana kwamba nimeanza kusahau ila kaona aibu kulisema. Haya, naandika.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko dirishani hapa sebuleni, ikitazama barabara. Mzee wangu anaketi upande wa pili wa meza ya kukatia nguo, kwenye kiti chake ambacho mto wake nimeubadilisha mara nyingi kuliko ninavyobadilisha mapazia. Alikuwa fundi wa mageti mpaka cheche ilipomharibu jicho la kulia, akabaki na la kushoto. Siku hizi kazi yake ni redio na kuniudhi. Ananiita Fundi, sijui lini mara ya mwisho aliniita kitu kingine.

Tuna miwani moja ya kusomea, ya watu wawili. Mchana ni yangu, nashonea. Saa kumi ikifika ni ya Mzee na gazeti lake. Ni miaka ishirini sasa na watu wanatucheka, nami huwajibu kwamba macho yetu ni mamoja, ya nini kununua mbili? Anavyosoma sasa, utavunjika mbavu. Gazeti analileta mpaka puani. Namwambia, "Mzee, habari zinasomwa, hazinuswi."

Naona ananyoosha mkono. Zamu yake.

Machi 4

Mvua. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Nimeifumua.

Machi 7

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kanisalimia mimi kwa heshima zote, Mzee akamruka kama hayupo. Anamwita Bwana Mkubwa. Anasema kila akimpungia mkono Mzee hamjibu, tangu alipofungua kile kibanda chake. Na si yeye peke yake, mtaa mzima unajua mume wangu ana maringo. Ndiyo maana nywele za Mzee nazikata mimi, kwa mkasi wa kitambaa, na zinaonekana hivyo.

Nilipoingia ndani nikamgombeza. "Mkono haukatiki ukiuinua!"

"Alinipungia lini?" akauliza, uso mkavu kabisa.

Nikamwambia aache maigizo.

Machi 11

Leo sina raha. Nilitoka sokoni nimelowa chapachapa, nikasimama mlangoni nikikamua kitambaa cha kichwa. Mzee akageuza uso, akasema, "Nani? Karibu, mwenye nyumba katoka."

Nilidhani ananitania. Nikanyamaza nione mwisho wake. Akaendelea kutazama nilipo, kwa adabu ile anayowapa wageni, akasema, "Kaa tu, hachelewi." Hapo nikamwona jicho. Katikati pameota weupe, kama maji ya mchele. Sijui umekuwepo tangu lini. Mtu namwona kila siku mpaka nimeacha kumtazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Aa, Fundi! Nilijua," akasema. Muongo.

Machi 12

Nimempigia binti yetu. Amesema ni mtoto wa jicho, watu wanafanyiwa upasuaji kila siku, ni jambo dogo. Nikamwambia ni jambo dogo kwa mwenye macho mawili.

Machi 13

Mzee kakataa. Shingo ngumu!

Machi 14

Kakataa tena. Nilipomshikilia sana akasema polepole, "Hili moja likiharibika, nimekwisha. Sasa hivi angalau naona mwanga wa dirisha, najua upo hapo."

Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Machi 17

Mvua. Kamimina chai mezani pembeni ya kikombe. Tukapangusa wote wawili. Alipomaliza kukamua kitambaa akasema, "Haya, twende huko hospitali." Nimemtafutia shati la heshima kabla hajabadili mawazo.

Machi 19, Alhamisi

Nitaandika mengi leo, hata mkono ukiniuma.

Chumba cha kupimia macho kiko mwisho wa korido, hakina dirisha. Mpimaji ni mama wa makamo, mpole, ana kalamu kwenye nywele. Alisema kwa umri wetu anapima wote wawili, mgonjwa na aliyemleta. Nikaanza mimi. Unaweka kidevu kwenye kibao, unatazama taa, unaambiwa usipepese, na hapo ndipo unagundua kope hazijawahi kukusikiliza maishani. Jicho langu moja nalo lina ukungu kidogo, kasema linaweza kusubiri.

Mzee mashine ya taa ilimshinda, weupe umezidi. Ikabidi atiwe dawa ya ganzi, kisha agusishwe kifimbo chembamba juu ya jicho. Nilimshika bega. Alikuwa anatetemeka, mwanamume aliyechomelea mageti bila kinga ya uso.

Mpimaji akapima. Akasita. Akapima tena. Akafuta kifimbo, akapima mara ya tatu.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna ubaya, mama. Nilidhani nimekosea." Akavuta kiti karibu yetu. "Mara nyingi kwa watu wa umri wenu, jicho la mwanamume huwa refu kidogo kuliko la mwanamke, kutoka mbele kwenda nyuma. La mwanamke huwa fupi, lakini kioo chake cha mbele kimebinuka zaidi. Sasa nyinyi mmezidisha. La mzee ni refu hata kwa mwanamume. Lako ni fupi hata kwa mwanamke."

"Fupi kwa kiasi gani?"

"Mmepishana milimita moja na nusu hivi."

Nikacheka. Milimita moja na nusu! Mteja gani atarudisha suruali kwa hiyo? Lakini yeye hakucheka. Alisema kwenye jicho hiyo ni tofauti kubwa sana. Jicho refu kama la Mzee linaona karibu vizuri, ila mbali ni ukungu mtupu. Jicho fupi kama langu linaona mbali, linahangaika na kilicho karibu.

Mzee akainua kichwa. "Mbali ni ukungu? Kwani kwa wengine sivyo?"

"Sivyo, mzee."

"Mtu akiwa ng'ambo ya barabara, wengine wanamjua ni nani?"

"Wanamjua. Na wanajua anacheka au amenuna."

"Mimi nilidhani watu hutambuana kwa mwendo," akasema.

Jamani. Miaka yote ile mtaa umemwita Bwana Mkubwa, na mimi nikawa wa kwanza kuitikia.

Sasa sikiliza lililonimaliza. Mpimaji akaona miwani yetu imening'inia shingoni mwangu. Akauliza ya nani. Nikasema ya wote, nikaanza kusimulia hadithi yangu ya macho mamoja. Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akamtazama Mzee, akanitazama mimi.

"Hii ni yako, mama. Kwa jicho la mzee, miwani hii haikuwa na msaada wowote. Kabla ya mtoto wa jicho angesoma vizuri bila chochote. Akiivaa hii, ingebidi alete karatasi puani ndipo aone."

Puani!

Nilimgeukia. Alikuwa anapapasa kofia yake iliyokuwa magotini, kama kijana aliyekamatwa juu ya ukuta wa watu.

"Mzee, ni kweli hukuihitaji?"

"Tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa hapa!"

Mpimaji akajifanya ana kazi kabatini. Mzee akasema, chini chini, "Ile siku uzi ulikushinda kuingia kwenye sindano. Ulilia, Fundi. Ulisema umezeeka peke yako. Nikaona basi, tuzeeke wote."

Nikakumbuka. Alirudi jioni na miwani kwenye karatasi ya kaki, akasema hata yeye macho yamemchoka, tutumie kwa zamu, na nikapata nguvu siku ile. Miaka ishirini mtu amenusa gazeti, kila saa kumi, ili nisijione mzee. Nilitaka kumpiga kwa mkoba. Nikamfunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Kabla hatujaondoka Mpimaji alituuliza jambo la mwisho. Kioo kipya kitakachowekwa ndani ya jicho hakijirekebishi. Kinaona vizuri sehemu moja tu, na kwa kuwa Mzee ana jicho moja, achague. Anataka aone vizuri wapi? Mbali au karibu?

"Mbali!" nikasema. "Mbali, mwanangu! Awaone watu. Aone kinyozi anapompungia."

Mpimaji akamtazama Mzee. Mzee akaendelea kupapasa kofia. Mpimaji akaandika "mbali". Alisema tunaweza kubadili mpaka siku yenyewe, tarehe pili ya mwezi ujao.

Mkono umekufa ganzi. Saa kumi imepita na miwani bado ninayo. Hajaiomba.

Machi 20

Nimevuka barabara kwenye matope mpaka kwa kinyozi. Nimemwambia yote mbele ya mteja mwenye povu nusu ya uso. Alisimama na wembe hewani. "Miaka yote nimemnunia mtu asiyeniona?" akasema. Kisha akatazama sakafu. "Na mimi nikajiona nimemkomesha."

Nikamwambia asijali, mwezi ujao atapungiwa mpaka achoke.

Machi 23

Mvua, mvua, mvua. Mzee kanyamaza mno. Redio haifungui. Nadhani anaogopa. Nimemsimulia jinsi atakavyoona mpaka mwisho wa barabara, ndege kwenye nyaya, maandishi kwenye kibanda cha kinyozi. Anasema, "Ehe." Mtu naye!

Machi 25

Uzi wangu mwekundu umepotea, kibunda kizima. Nimeinua mpaka zulia.

Machi 26

Nilisinzia kwenye cherehani baada ya chakula. Nikashtuka, mkono wa Mzee uko karibu kabisa na uso wangu, na mwili wake kaulaza juu ya meza.

"Nini?"

"Nzi."

Nzi, na yeye hamwoni hata ng'ombe! Nikamwambia arudi kwenye kiti chake kabla hajadondosha pasi.

Machi 28

Kibunda cha uzi nimekikuta chini ya kiti cha Mzee. Nimesema sana. Hakujitetea, akaomba msamaha kwa upole mpaka nikaishiwa maneno. Uzi umepungua. Sijui panya.

Aprili 2

Mto umefurika, barabara ya hospitali imefungwa, na umeme huko hakuna. Tumegeuziwa njiani. Mzee alikuwa hajala tangu alfajiri kama alivyoagizwa. Ndani ya gari alishika mfuko wa shati lake njia nzima, nikadhani moyo unamuuma. Akasema hauumi.

Mpimaji kapiga simu: tarehe kumi na tatu.

Aprili 5

Nimeshona sare sita. Mistari yote inakwenda itakako. Mzee kaniuliza, "Leo umevaa rangi gani?" Nikamwambia bluu. Akasema, "Ile yenye kola?" Nikasema ile yenye kola. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema.

Aprili 8

Sasa hata mwanga wa dirisha anaukosa mara nyingine. Leo asubuhi aliketi ameelekea kabati, akizungumza nami. Niliinuka kimya kimya nikaenda kusimama kando ya kabati, nikamjibu kutoka hapo. Kulikuwa na nguo ya mteja ya kumaliza lakini nilisimama hapo mpaka alipochoka kuongea.

Upasuaji ukiharibika je? Nimeandika, basi. Sitaki kuliandika tena.

Aprili 13, Jumatatu

Mvua ya rasharasha. Barabara inapitika.

Walimvalisha gauni la kijani lisilo na umbo, aliyelishona anafaa kushtakiwa. Nikaruhusiwa kukaa naye chumba cha nje wakati anatiwa matone. Mpimaji akaja na kadi yake. "Basi mzee, kama tulivyoandika, mbali?"

Nikafungua mdomo. Sijui kwa nini niliufunga tena. Labda kwa kuwa mkono wake ulikuwa unatafuta kitu kwenye shati alilolivua, shati nililokuwa nimelishika mimi, naye hakulipata. Nikamsogezea. Akaingiza vidole mfukoni, akatoa uzi. Uzi mwekundu, umekunjwa vizuri, una fundo kila upande.

"Mwanangu," akamwambia Mpimaji, "mimi namba za futi sizioni, nimepima hivi. Huku ni jicho langu nikiwa kwenye kiti. Huku ni uso wake akiwa kwenye cherehani. Nataka nione hapa."

Mpimaji akaunyoosha ule uzi. Haukutimia hata mita. Akasema, "Mzee, ukichagua hapa, ng'ambo ya barabara itabaki na ukungu. Si kama sasa, lakini nyuso hutazitambua."

"Nimeishi nao ukungu huo, hauniumizi. Barabara ataniambia Fundi, macho yake ni ya mbali, si umesema mwenyewe? Ila yeye nani ataniambia alivyo? Nikimwuliza anasema bluu yenye kola."

Mimi nilikuwa nalia, nasema wazi. Mpimaji aliuliza, "Mama?" kwa kuwa siku ile nilijibu mimi.

"Mwulize mwenye jicho," nikasema.

Akafuta, akaandika upya. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini kwa kusoma, hapo utahitaji miwani, mzee. Ya kweli safari hii. Ile yenu nadhani itakufaa."

Wakamwingiza. Nilikaa kwenye benchi na uzi mkononi. Wamesema imekwenda salama, lakini jicho limefunikwa, watafungua kesho, na mpaka kesho hakuna ajuaye.

Aprili 14

Bandeji imetolewa. Muuguzi aliniambia nikae mbele yake. Nilisogeza kiti, nikaunyoosha ule uzi, fundo moja kwenye shavu lake na lingine kwenye langu, ili tusimlaumu daktari bure.

Akafungua jicho. Likatoa machozi. Akalifunga, akalifungua.

Alinitazama kuanzia nywele. Hakuharakisha. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba ndiyo hivyo, mke ameisha, asitarajie makubwa. Yakanikwama.

"Fundi," akasema.

"Naam."

"Kifungo cha pili umeshonea uzi mweusi."

Nikatazama gauni langu. Kweli! Vyote bluu, kimoja cheusi. Nimetembea hivyo miezi mingapi, mimi fundi wa mtaa mzima! Nilicheka mpaka muuguzi akatuomba tushushe sauti, na Mzee akanikataza kusogea, anaendelea kutazama.

Aprili 17

Anakosoa mshono wangu kutwa nzima. "Pindo linakwenda kombo. Pasi imeacha alama pale." Nilikuwa na amani kumbe.

Aprili 21

Mvua imekatika, barabara imekauka, na jua limeingia mpaka kwenye meza ya kukatia. Kinyozi katokeza nje ya kibanda chake, kainua mkono juu kabisa.

"Mzee, kinyozi anakupungia."

"Wapi?"

"Mkono wa kushoto kidogo. Hapo."

Mzee akainua mkono, akaupungia mtaro wa maji kwa moyo wake wote. Kinyozi akahama, akaenda kusimama mtaroni, akapunga tena kwa mikono miwili. Jumamosi atamkata nywele.

Saa kumi imefika. Mzee kanyoosha mkono, nimempa. Gazeti kalishika mahali pake, mbali na pua, kama mtu yeyote. Mimi herufi hizi sizioni tena, najua zimepanda juu ya mistari, na atakayezisoma atajua mwenyewe. Miwani ni zamu yake.